Uta kwa Kadiri ya Mkono

Nguvu ni mali ya kijana, lakini ni mali ya amana. Mwenye kuitumia kwa kipimo huizidisha, na mwenye kuimwaga kabla ya wakati huikosa siku ile anapoihitaji. Msomaji wangu, insha hii yataka kukuonyesha jambo hilo kwa njia ya kiungo kimoja cha mwili, nacho ni bega, na kwa njia ya kazi moja ya kiungo hicho, nayo ni kuvuta na kurusha kwa nguvu. Tutaanza Mutomo, katika nchi ya Wakamba. Tutavuka bahari mpaka Uingereza na Marekani. Kisha tutarudi katika viwanja vya shule ambako wewe na wenzako hurusha mkuki na mpira. Safari yaonekana ndefu, lakini mfupa tutakaoufuata ni mmoja tu tangu mwanzo hata mwisho.

Mutomo ni mji mdogo wa kusini ya Kitui, katika njia itokayo Kitui kwenda Kibwezi. Nchi yake ni kavu, ina vilima vya mawe na pori la miiba, na mvua zake si za kutegemewa. Upande wa magharibi hupita mto Athi chini ya uwanda wa Yatta, na upande wa kusini pori huendelea mpaka Tsavo. Katika nchi kama hiyo shamba peke yake halikutosha kumlisha mtu; mifugo, asali, biashara na uwindaji vilikuwa nguzo za nyumba. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilichukua pembe za ndovu kutoka bara mpaka Mombasa. Mmoja wa wafanya biashara wao mashuhuri alikuwa Kivoi wa Kitui, ambaye mwaka 1849 alimpokea mmisionari Ludwig Krapf, na ambaye aliuawa mwaka 1851 katika safari ya kuelekea mto Tana, Krapf akiwa pamoja naye. Pembe zilizobebwa na misafara ile zilipatikana kwa silaha moja kuliko nyingine zote, nayo ilikuwa uta.

Kiswahili na Kikamba huiita silaha hiyo kwa jina lile lile. Uta wa Mkamba haukuwa mzito kupita kiasi, kwa sababu kazi ya kuua ilifanywa na sumu iliyopakwa kwenye mshale. Sumu hiyo, ambayo kwa Kikamba huitwa ivai, ilipikwa kutoka katika mti. Mwindaji alihitaji kunyemelea mpaka karibu, kisha kulenga sawasawa. Lakini majirani wao wa upande wa Tsavo na mto Galana, yaani Wawaata, ambao wengine huwaita Waliangulu, walitumia mata makubwa zaidi. Mata yao yalipopimwa na watu wa idara ya wanyama, mengi yalionekana kudai nguvu ya zaidi ya ratili 100 ili kuvutwa kikamilifu. Fikiri, msomaji: ni sawa na kuinua zaidi ya kilo 45 kwa vidole vichache, huku mkono wa pili ukisukuma mbele na mabega yote mawili yakibeba mzigo.

Uwindaji huo sasa ni habari ya zamani. Tsavo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1948. Katika miaka ya 1956 na 1957 serikali ilipeleka askari wengi porini kuukomesha. Na tangu mwaka 1977 uwindaji umepigwa marufuku katika Kenya yote. Siutaji ili kumsifu jangili wala kumlilia. Nautaja kwa sababu ya swali moja linalotuhusu hata leo: mtu aliwezaje kupata bega la kuvuta uta kama ule?

Jibu ni kwamba alilipata polepole. Mtoto mchunga mbuzi alikuwa na uta mdogo wa mti mwepesi, na mishale isiyo na chuma wala sumu. Alilenga ndege, matunda na vishina vya miti, akikosa mara nyingi kuliko kupata. Mwili ulipokua, uta nao ulikua. Aliyevuta uta wa mtu mzima alikuwa amepita katika mata madogo mengi, kila moja likimwandalia njia ya lile lililofuata. Kipimo cha uta kilikuwa mkono, wala mkono haukulazimishwa kulingana na uta.

Desturi hiyo haikuwa ya Wakamba na Wawaata peke yao. Kila taifa lililoishi kwa uta liliifahamu, na tunayo habari yake iliyoandikwa katika nchi ya Uingereza. Mwaka 1541, wakati wa mfalme Henry wa Nane, ilitungwa sheria kwamba kila mwenye mtoto wa kiume wa miaka 7 mpaka 17 awe na uta na mishale miwili nyumbani kwa ajili yake. Na mwaka 1549 mhubiri Hugh Latimer, akihubiri mbele ya mfalme Edward wa Sita, alieleza jinsi yeye mwenyewe alivyolelewa: alinunuliwa mata kulingana na umri na nguvu zake, na kadiri alivyokua ndivyo mata yake yalivyoongezwa ukubwa. Mzee wa Ukambani angaliyasikia maneno hayo angaliyatambua mara moja.

Ingekuwa vyema kama hadithi ingeishia hapo, tukasema kwamba wazee walijua yote na sisi tumesahau. Lakini mifupa ina ushahidi wake, nao hausemi yaliyo matamu tu. Tarehe 19 Julai 1545 merikebu ya vita ya Henry wa Nane, iitwayo Mary Rose, ilizama karibu na Portsmouth pamoja na mamia ya watu. Tope la bahari liliifunika na kuihifadhi. Ilipoinuliwa tarehe 11 Oktoba 1982, wataalamu walikuwa wamepata ndani yake mata zaidi ya 130 yaliyo mazima, mishale kwa maelfu, na mifupa ya mabaharia na askari. Mata hayo yalikadiriwa kudai nguvu ya ratili 100 mpaka 180. Basi wataalamu wakaichunguza mifupa ya mabega, na hapo wakaona jambo la ajabu.

Shika bega lako, msomaji, upapase juu kabisa, pale panapoishia mtulinga. Utagusa ncha ya mfupa iliyo kama paa dogo juu ya kiungo. Ncha hiyo ni sehemu ya kombe la bega, na juu yake umeshikamana ule msuli mnene unaolifunika bega na kuuinua mkono. Katika utoto ncha hiyo si mfupa kamili, bali ni gegedu. Kijana anapokaribia miaka 15 gegedu huanza kugeuka kuwa vipande vya mfupa, na vipande hivyo huungana na kombe kati ya miaka 18 na 25. Sasa, katika mifupa ya Mary Rose, zaidi ya makombe 10 katika kila 100 yalikuwa na ncha ambayo haikuungana kamwe, idadi iliyozidi ile iliyotazamiwa kwa watu wa kawaida. Mtaalamu aliyeichunguza, Ann Stirland, alieleza kwamba yamkini hao walikuwa wapiga mata, waliovuta mizigo mikubwa tangu ujana, hata msuli ukaivuta ncha ya mfupa siku kwa siku, usiipe nafasi ya kuungana.

Hapo, msomaji, ndipo pana fundisho la kwanza. Desturi ya kumpa mtoto uta mdogo ilikuwa ya hekima. Lakini mazoezi yakizidi, hata katika desturi njema, mfupa mchanga hulipa. Mfupa wa kijana si mfupa wa mtu mzima uliopunguzwa ukubwa. Ni jengo ambalo bado lina udongo mbichi. Misuli ya kijana hupata nguvu upesi, na kano zake hukazana upesi. Lakini zile sehemu za gegedu ambazo mfupa hukulia ndizo dhaifu kuliko zote, nazo hukawia kukomaa. Basi mkono wa kijana waweza kuwa na nguvu ya kujidhuru wenyewe.

Sasa tuuache uta tuushike mpira. Mwezi wa Novemba 1887, katika jiji la Chicago, vijana waliokuwa wamekusanyika katika chumba cha klabu walianza kurushiana glavu ya ndondi na kuipiga kwa fimbo. Mmoja wao, George Hancock, aliutungia mchezo huo kanuni, ukawa besiboli ya kuchezwa ndani ya nyumba. Mchezo huo ukatoka nje, ukaenea, ukaitwa softiboli. Jina lake maana yake ni mpira laini, lakini mpira wenyewe si laini hata kidogo. Mwaka 1996 softiboli ya wanawake iliingia katika michezo ya Olimpiki huko Atlanta. Katika Kenya na Uganda pia huchezwa, ijapokuwa wachezaji wake ni wachache wakilinganishwa na wale wa kandanda au netiboli.

Katika besiboli mrushaji hutupa mpira mkono ukipita juu ya bega, kama mtu arushaye jiwe. Katika softiboli ya kasi mkono huzunguka duara kamili, hushuka kando ya mwili, na mpira huachwa karibu na nyonga. Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba mrusho huo wa chini hauna hatari, na kwamba msichana aweza kurusha leo, kesho na kesho kutwa bila madhara. Imani hiyo ilikuwa na matokeo. Timu nyingi zilikuwa na mrushaji mmoja tu aliye hodari, naye alirusha michezo yote. Lakini walipoulizwa warushaji 24 wa timu za vyuo vikuu zilizoshiriki mashindano makuu ya Marekani ya mwaka 1989, 20 kati yao walisema wamepata kuumia. Na mwaka 1998 wataalamu walipima kazi ya bega katika mrusho huo wa duara. Waliona kwamba mkono ukishuka kwa kasi, bega hulazimika kuuzuia usichomoke kwa nguvu inayokaribia kulingana na uzito wote wa mwili wa mrushaji. Hivyo ile salama iliyoaminiwa haikuwapo.

Kwa upande wa besiboli dalili zilianza kuandikwa mapema zaidi. Mwaka 1953 daktari mmoja wa Marekani alieleza juu ya jeraha la gegedu katika bega la mvulana mrushaji. Mwaka 1960 wengine wakaeleza juu ya jeraha la kiwiko. Na mwaka 1965 Joel Adams alichapisha picha za eksirei za viwiko vya wavulana 162 wa miaka 9 mpaka 14, akaonyesha kwamba mabadiliko ya mfupa yalikuwa mengi sana kwa wale warushaji. Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2006, uliwalinganisha vijana waliopasuliwa bega au kiwiko na wenzao wasioumia. Tofauti kubwa kuliko zote ilikuwa hii: waliokuwa na mazoea ya kurusha huku mkono umechoka walikuwa katika hatari ya kuumia mara 36 kuliko wengine. Na waliorusha kwa kasi kubwa walikuwa katika hatari zaidi kuliko waliorusha kwa kasi ndogo.

Kisha, mwaka 2015, madaktari wa Philadelphia walichapisha habari za vijana 61 wa miaka 15 mpaka 25 waliokuja na maumivu juu ya bega, wengi wao wakiwa warushaji wa besiboli. Mahali penye maumivu palikuwa ile ile ncha ya kombe uliyoipapasa punde hivi. Kurusha zaidi ya mara 100 kwa juma kulionekana kuwa chanzo kikubwa cha hatari, na katika wale waliochunguzwa tena walipopita miaka 25, walio wengi ncha ile haikuungana. Tazama basi jinsi mambo yanavyokutana: askari aliyezama mwaka 1545 na mwanafunzi wa karne yetu wana alama moja katika mfupa mmoja. Uta na mpira ni vitu viwili, lakini msuli uvutao ni ule ule, na gegedu livutwalo ni lile lile.

Labda utasema, haya ni ya Marekani, sisi wa Mutomo yatuhusu nini? Yatuhusu kwa sababu michezo ya kurusha imekwisha fika kwetu na itazidi kukua. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto huko Marekani, na waliishinda timu ya Gresham, Oregon, kwa 3 kwa 2. Katika mashindano hayo kila mrusho wa mtoto huhesabiwa, kwa kanuni iliyoanza mwaka 2007. Mtoto wa miaka 11 au 12 haruhusiwi kupita mirusho 85 kwa siku, na akizidisha 65 hupumzika siku 4 kabla ya kurusha tena. Kanuni hiyo haimuulizi mtoto kama anajisikia hodari. Humhesabia tu.

Mfano mwingine uko nyumbani. Tarehe 26 Agosti 2015, mjini Beijing, Julius Yego, mwana wa nchi ya Wanandi, alirusha mkuki meta 92.72 akawa Mkenya wa kwanza kupata ubingwa wa dunia katika mchezo usio wa mbio. Inajulikana kwamba alijifunza mengi kwa kutazama picha za warushaji wa nchi nyingine katika intaneti. Ukimtazama yeye, usiutazame mkono peke yake. Tazama jinsi anavyokimbia, anavyokita mguu wa kushoto, jinsi nyonga inavyotangulia, kiwiliwili kikafuata, na mkono ukaja mwisho kama ncha ya kiboko. Nguvu yake hutoka ardhini na kupanda. Kijana asiyefundishwa hivyo husimama wima na kuutaka mkono ufanye kazi ya mwili mzima, na hapo kiwiko na bega hulipa deni la miguu.

Sasa tumfikirie msichana wa miaka 15 katika shule yoyote ya nchi hii. Ana mkono mwepesi na jicho kali. Anarusha mkuki, anacheza mpira wa mikono, na ikiwapo timu ya softiboli yeye ndiye mrushaji. Mashindano ni ya siku 3. Siku ya kwanza anashinda, na shule nzima inaimba jina lake. Siku ya pili bega linauma kidogo, lakini hasemi, maana nani mwingine atarusha? Siku ya tatu anarusha akiwa na maumivu. Mwenzake asiye hodari amekaa kitako kivulini, na bega lake ni zima. Je, waiona ajabu hii, msomaji? Hatari haikumfuata mvivu wala mzembe, bali ilimfuata aliye bora. Kwa sababu ni hodari, hutumiwa zaidi. Kwa sababu hurusha kwa nguvu, kila mrusho humgharimu zaidi. Na kwa sababu anapenda shule yake, hunyamaza.

Mkono ule si wa mchezo tu. Katika nchi ya Kitui ndio utakaoinua mtungi wa maji, utakaoshika jembe mvua ikinyesha, utakaobeba mtoto na kuandika mtihani. Kikombe cha ushindi huwekwa katika kabati ya shule, na baada ya miaka michache hakuna akumbukaye aliyekileta. Lakini bega hukaa na mwenyewe maisha yake yote. Shule ikimwomba msichana bega lake kwa ajili ya kikombe, imefanya biashara ambayo hasara yake haitaandikwa katika daftari la shule.

Sikusudii kukutia hofu. Kurusha ni mchezo mwema, na mwili usiofanya kazi hudhoofika kuliko ule uliochoka. Nakusudia uwe na kipimo. Jifunze kwanza kurusha vizuri, kisha mbali, kisha kwa nguvu, wala usigeuze mpango huo. Pasha mwili moto kabla ya kurusha kwa kasi. Hesabu mirusho yako kama mwenye duka ahesabuvyo senti zake. Uwe na siku za kupumzisha mkono kila juma, na miezi ya kuuacha mchezo wa kurusha kila mwaka. Tambua tofauti ya uchovu wa misuli, ambao huondoka kwa usingizi wa siku moja au mbili, na maumivu ya kiungo, ambayo hurudi kila urushapo. Hayo ya pili si ya kuvumiliwa: mwambie mwalimu, mwambie mzazi, nenda hospitali. Kusema kwamba waumwa si woga. Mwindaji aliyeona ufa katika uta wake hakuuvuta mpaka ukavunjika ili asifiwe ushujaa.

Na wewe utakayekuwa mwalimu au mkufunzi siku moja, uwafundishe warushaji 2 au 3, wala usimtegemee mmoja. Umlinde hodari kuliko wengine, maana yeye ndiye asiyejua kujilinda. Usimpime mtoto kwa ushindi unaoutaka wewe. Mpime kwa mifupa aliyo nayo yeye. Uta mkubwa hauozi kwa kumngoja mtoto akue, lakini bega lililoharibika ujanani ni vigumu kulirudishia uzima wake.